Kruzi ya rada na msaada wa usukani, barabara ya Arusha–Moshi: kwa nini gari linafunga breki lenyewe karibu na Kikafu?

#1 Mkazi_wa_Sekei
Salaam wanajukwaa. Nina gari la familia lililotengenezwa Japani mwaka 2018, lenye kruzi (mfumo unaoshikilia mwendo uliouweka na kuupunguza penye gari mbele) inayotumia rada na kamera, pamoja na msaada wa usukani unaolishikilia gari katikati ya mistari ya barabara. Ninalitumia mara kwa mara kati ya Arusha na Moshi. Kutoka Sakina hadi Tengeru, zile kilomita 14 hivi zenye njia nne, mfumo unafanya kazi bila kasoro yoyote. Baada ya Tengeru msaada wa usukani unawaka na kuzimika, na hilo ninalielewa kwa sababu mistari ya pembeni imefutika au imefunikwa na vumbi.

Nisilolielewa ni hili. Nikikaribia mteremko wa Kikafu kwa mwendo wa kama kilomita 80 kwa saa, bila chombo chochote mbele yangu, mara nyingine gari linafunga breki lenyewe kwa nguvu, kisha linaongeza mwendo tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Limewahi kufanya hivyo pia kabla ya Boma Ng'ombe. Safari iliyopita nyuma yangu kulikuwa na basi, na dereva wake alilazimika kutanua ili asinigonge. Naomba wenye ujuzi wanieleze chanzo, na kama ni busara kuendelea kuutumia mfumo huu katika barabara zetu.

#2 Fundi_Umeme_Majengo
Ndugu, rada ya gari hutuma mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 76 hadi 77 na kusikiliza yanayorudi. Kutokana na jinsi mawimbi hayo yanavyobadilika, inajua kitu kilicho mbele kiko umbali gani na kinakwenda kwa kasi gani ukilinganisha na gari lako. Chuma hurudisha mawimbi kwa nguvu sana. Unapokaribia Kikafu kuna vyuma vya kingo pembeni, kuna vibao, kuna daraja, na barabara yenyewe inashuka, hivyo vitu ambavyo kwenye tambarare vingekuwa pembeni au juu ya macho ya rada vinaingia katikati yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho chanzo: kompyuta inadhani kingo ni gari lililopunguza mwendo.

Swali langu kwako: je, bampa la mbele limewahi kugongwa na kunyooshwa, au nembo ya mbele imewahi kubadilishwa? Katika magari mengi ya Japani rada hukaa nyuma ya nembo hiyo au ndani ya bampa kwa chini, na nembo ya kununua mitaani yenye rangi ya metali inaweza kuizuia.

#3 Dereva_wa_Watalii
Naungana na #2 kuhusu mteremko, lakini naongeza jambo ambalo Arusha nzima tunalifanya bila kulifikiria. Gari hilo limenyanyuliwa kwa spesa? Watu wengi wakishatoa gari bandarini, kitu cha kwanza ni kupeleka kwa fundi liwekwe spesa kwenye springi ili lisigonge matuta. Ukinyanyua nyuma zaidi ya mbele, pua ya gari inainama, na rada pamoja na kamera vinaangalia lami badala ya kuangalia mbele. Mfumo haujui kwamba gari limenyanyuliwa.

Mimi naendesha magari ya safari ambayo hayana mfumo huu, na hata kama yangekuwa nao, ngao ya chuma tunayofunga mbele ingeifunika rada. Lakini nimeendesha gari la bosi wangu lenye kruzi ya rada hadi Karatu, na ninachoweza kusema ni kwamba mteremko mrefu si mahali pake. Kwenye ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, ukishuka na kruzi ikiwa imewashwa, baadhi ya magari hushikilia mwendo kwa breki peke yake wakati wewe ungerudisha gia ndogo uiachie injini kazi. Breki zinachemka, na vitabu vya magari hayo vyenyewe vinakataza kutumia kruzi kwenye mteremko mkali.

#4 Mama_Shanty
Asanteni kwa mada hii. Mimi naona mnatafuta mbali. Magari yote haya yana kamera karibu na kioo cha kutazamia nyuma, na kamera ikipigwa na jua inaona mambo yasiyokuwepo. Ukitoka Arusha asubuhi unaelekea mashariki, jua liko usoni. Ukitoka Moshi jioni unaelekea magharibi, jua liko usoni tena. Ndugu wa #1 atuambie ni saa ngapi gari lilifunga breki.

#5 Mkazi_wa_Sekei
Shukrani kwa majibu. Nitajibu yote kwa pamoja.

Bampa halijawahi kugongwa tangu nilinunue, ingawa siwezi kuapa kwa yaliyotokea Japani. Nembo ni ya asili. Spesa zipo, ziliwekwa na mmiliki wa kwanza hapa nchini, nyuma tu. Kuhusu saa, mara nyingi ni asubuhi nikielekea Moshi, kama saa mbili hivi nikiwa Kikafu, lakini imetokea pia saa saba mchana, jua likiwa utosini. Kwa hiyo nadharia ya Mama Shanty inaeleza sehemu ya tatizo, wala si yote.

#6 Mwalimu_wa_Himo
Naomba niweke hesabu mezani ili tusibishane kwa hisia. Tuseme rada imepinda kwa nyuzi 1 tu. Kwa umbali wa mita 100, mstari wake wa kuona unakuwa umehama kwa takriban mita 1.7. Ukihama kwa upande, huo ni karibu upana wa gari dogo zima. Gari linaweza kuona pikipiki iliyo pembeni ya barabara ikadhani iko mbele yake. Ukihama kwenda chini, rada inaanza kusoma lami na vyuma vya maungio ya daraja. Kwa hiyo hoja ya spesa katika #3 ina uzito kwa kipimo, na spesa za nyuma tu ndizo zinazoinamisha pua.

Kuhusu jua, karibu na ikweta linapanda kama nyuzi 15 kwa saa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, saa mbili asubuhi limeshapita nyuzi 20 juu ya upeo wa macho. Halimpigi mtu usoni tena kama lilivyokuwa Usa River saa moja.

#7 Mama_Shanty
Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, lakini umesahau vivuli. Saa mbili asubuhi vivuli vya miti vinalala barabarani vikiwa virefu na vyeusi, na kamera inaweza kukisoma kivuli kama kitu. Rada ikisikia chuma cha kingo, na kamera ikaona umbo jeusi mahali hapohapo, kompyuta inapata mashahidi wawili.

#8 Kijana_wa_Pasua
Mama Shanty ameshinda raundi hii, Mwalimu arudi darasani. Mimi nauliza tu: magari ya Subaru nayo yana rada mbele? Nimeambiwa hayana, na jirani yangu mwenye nalo anasifia kruzi yake.

#9 Mhandisi_Njiro
Kijana, umeambiwa kweli kwa matoleo mengi yaliyopo barabarani kwetu. Mfumo wa EyeSight wa Subaru, ulioanza kuuzwa Japani mwaka 2008, unatumia kamera mbili zilizowekwa juu ya kioo cha mbele, nazo hupima umbali kwa kulinganisha picha mbili, sawa na macho yetu mawili. Toyota ilipoleta mfumo wake wa Safety Sense mwaka 2015 iliuweka wa aina mbili: magari madogo yalipata kamera na miale ya leza bila kruzi ya kufuata gari, na makubwa yalipata kamera pamoja na rada na kruzi hiyo. ProPILOT ya Nissan, iliyoanza na Serena mwaka 2016, ilitumia kamera moja. Kwa hiyo mtu akisema "gari langu lina mfumo huo", aangalie kwanza lina macho ya aina gani, kwa sababu udhaifu wake unafuata macho hayo. Kamera inasumbuliwa na ukungu, jua na mvua. Rada haijali ukungu, lakini haiwezi kutofautisha kwa urahisi kibao cha chuma na gari lililosimama.

Hapo ndipo penye jambo zito. Kwa sababu barabara imejaa vyuma vilivyosimama, watengenezaji wengi waliamua kwamba gari likiwa kwenye mwendo mkubwa, rada ipuuze vitu ambavyo haikuviona vikitembea. Bila kupuuza hivyo, gari lingefunga breki kila penye kibao. Kila mfumo unachagua kati ya kosa la kufunga breki bure na kosa la kutofunga panapotakiwa. Ndugu wa #1 anateswa na kosa la kwanza, lakini la pili ndilo linaloua.

#10 Mzee_wa_Same
Nimesoma yote na ninawaheshimu wataalamu, lakini mimi nasema mfumo huu usitumike kabisa usiku katika barabara ya kwenda Tanga. Kuanzia Mwanga, Same, Hedaru hadi Mombo, lori likiharibika linaachwa hapohapo kwenye njia yake, halina taa, na alama pekee ni matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Mhandisi ametuambia sasa hivi kwamba rada inaweza kupuuza kitu kilichosimama. Matawi haitayaona, lori haitalijali, na dereva aliyeuamini mfumo ameegemea kiti anasikiliza redio. Nimeshuhudia mabaki ya magari yaliyoingia chini ya malori kama hayo hata kabla ya teknolojia hii kufika. Tusiongeze sababu nyingine.

#11 Kijana_wa_Pasua
Shikamoo Mzee. Tunajua tangu enzi za gia ya kwenye usukani hujaamini gari lolote linalofikiri, ila leo uko sahihi.

#12 Mhandisi_Njiro
Mzee wa Same, sina la kukupinga isipokuwa kurekebisha kidogo, kwa sababu nisipofanya hivyo watu watadhani magari yote hayaoni kitu kilichosimama. Mifumo mipya inayounganisha kamera na rada inaweza kulitambua gari lililosimama na kufunga breki, na breki ya dharura ni mfumo tofauti na kruzi hata kama vinatumia macho yaleyale. Lakini breki hiyo nyingi huanza kazi kwa kuchelewa, na kwa mwendo mkubwa hupunguza tu ukali wa kugonga.

Mfano unaojulikana ni ajali ya Mei 2016 karibu na mji wa Williston, Florida, nchini Marekani. Gari la Tesla lililokuwa likiongozwa na mfumo wa Autopilot lilipita chini ya trela la lori lililokuwa likikatiza barabara kuu, na dereva akafariki. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, NTSB, ilieleza kwamba mfumo haukuwa umebuniwa kwa ajili ya magari yanayokatiza, na kwamba dereva aliutegemea kupita kiasi. Sasa fikiria Kisongo au Makuyuni jioni, ng'ombe mia wakikatiza barabara. Ng'ombe si chuma, na wala hatembei kuelekea unakokwenda wewe.

#13 Mpenda_Historia_wa_Sekei
Kwa wanaopenda chimbuko la mambo: kruzi ya kawaida ilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtoto. Alipata hataza mwaka 1950, na magari ya Chrysler ya mwaka 1958 yakaanza kuuzwa yakiwa nayo. Kruzi inayofuata gari la mbele ilikuja baadaye sana. Mitsubishi Diamante ya mwaka 1995 ilitumia leza na iliweza kupunguza mafuta na kurudisha gia tu, haikuweza kugusa breki. Mercedes S-Class ndiyo iliyoleta rada na breki pamoja mwaka 1999.

#14 Dada_wa_Ngulelo
Mimi naendesha kila siku Ngulelo hadi Usa River na ninaitumia kruzi hii, kwa hiyo nizungumzie hatari ambayo hakuna aliyeitaja hadi sasa.

Hiace iko mbele yangu, gari langu linaifuata taratibu kwa kilomita 40. Kruzi nimeiweka 70. Hiace inaingia pembeni kushusha abiria. Gari langu linaona njia imefunguka, na bila kuniuliza linaanza kukimbia kwenda 70, wakati mbele yangu kuna kivuko cha wanafunzi na abiria walioshuka wanazunguka mbele ya hiace ili wavuke. Mfumo umefanya kile ulichoagizwa. Hauna habari kwamba kwetu hiace ikisimama, watu huvuka. Mguu wangu hukaa juu ya breki kila hiace inapowasha indiketa ya kushoto, na wakati mwingine haiwashi.

La pili ni nafasi. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linasafiri mita 22 kila sekunde, hivyo nafasi ya sekunde mbili ni mita 44. Mita 44 kati ya Tengeru na Usa River ni mwaliko. Noah inachomekea, gari langu linafunga breki kurudisha nafasi, bodaboda inachomekea tena, gari linafunga tena, na aliye nyuma yangu ananipigia honi kwa hasira. Nikiweka nafasi fupi kabisa tatizo linapungua, lakini sioni kama ndivyo ilivyokusudiwa.

#15 Dereva_wa_Watalii
Dada amesema kweli tupu. Niongeze kuhusu usukani: baadhi ya magari, mistari ikipotea, msaada wa usukani hufuata gari lililo mbele badala ya mistari. Likiwa ni hiace inayoingia kituoni Maji ya Chai, usukani unaanza kuvuta kushoto nayo. Shika usukani kwa mikono yote miwili.

#16 Wakili_Kijenge
Kwa upande wa sheria jibu ni fupi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua dereva. Mwendo wa juu katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na trafiki akikupiga tochi Boma Ng'ombe hutamwambia kwamba gari ndilo lililoongeza mwendo. Mifumo hii iko katika ngazi ya 1 au ya 2 kati ya ngazi za magari yanayojiendesha zinazotumika duniani, zinazoanzia 0 hadi 5, maana yake dereva ndiye anayeendesha muda wote na mfumo unamsaidia tu. Mteja wangu akigongwa nyuma kwa sababu gari lake lilifunga breki bila sababu, nitakuwa na kazi ngumu kumtetea, hasa ikibainika kwamba alijua tatizo na akaendelea kuutumia mfumo.

#17 Mfanyabiashara_Himo
Pamoja na hayo yote, naomba tusiutupe mfumo mzima. Nasafiri Himo hadi Dar es Salaam kwa kazi, na kati ya Same na Mombo mchana, barabara ikiwa nyeupe na ndefu, kruzi inanipunguzia uchovu wa mguu na inanizuia nisizidishe mwendo bila kujua. Nikifika Korogwe akili yangu bado iko macho. Mzee wa Same anazungumzia usiku, na usiku namuunga mkono.

#18 Mzee_wa_Same
Ndugu wa Himo, uchovu wa mguu ndio unaokuweka macho. Mguu ukilala, jicho linaufuata. Nitabaki na msimamo wangu.

#19 Mpaka_Rangi_wa_Unga_Limited
Ndugu wa #1, hujajibu jambo moja kwa sababu hakuna aliyekuuliza. Kioo cha mbele ni cha asili? Na je, kina ule ukanda wa tinti juu? Nimeona magari mengi yanaletwa yakiwa na kamera pale juu, mwenye gari anataka ukanda mweusi wenye maandishi, na fundi anaupitisha juu ya jicho la kamera. Wengine wanabandika stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama hapohapo katikati. Kioo kikibadilishwa, hata kikiwa kizuri, kamera inatakiwa ipimwe upya, kwa sababu unene na mpindo wa kioo kipya unahamisha picha.

#20 Mkazi_wa_Sekei
Asante sana, mkuu. Ukanda upo, ni mwembamba, na nilidhani hauigusi kamera. Kioo kilibadilishwa mwaka jana baada ya kupigwa na jiwe. Kwa hiyo sasa nina spesa, kioo, ukanda, vivuli na vyuma vya kingo, na kila kimoja kina mtetezi wake humu. Je, kuna mahali Arusha au Moshi pa kupima upya rada na kamera?

#21 Fundi_Umeme_Majengo
Nikujibu kwa ukweli wa kazi yenyewe. Skana ninayotumia inasoma hitilafu na kuzifuta, lakini kupima upya kamera kunahitaji sakafu iliyonyooka kabisa, ubao wenye alama maalumu unaowekwa mbele ya gari kwa umbali na urefu uliotajwa na mtengenezaji, na programu ya gari husika. Baadhi ya magari yanakubali kupimwa kwa kuendeshwa kwa mwendo usiobadilika kwenye barabara yenye mistari inayoonekana vizuri, na hapo Sakina hadi Tengeru panaweza kufaa alfajiri magari yakiwa machache. Usikubali fundi akuambie kwamba kufuta taa ya onyo ni kupima. Taa inazimika, kamera inabaki imepinda vilevile.

Na ukitoa spesa, usipime chochote kabla ya kuzitoa. Urefu wa gari ndio msingi wa vipimo vyote.

#22 Mkazi_wa_Sekei
Nimeelewa. Mwisho wa juma hili nitatoa spesa na kuondoa ukanda wa tinti, kisha nitapita Kikafu asubuhi kwa saa ileile, bila gari nyuma yangu, nikiwa na mguu juu ya akseleta ili niwahi kuongeza mwendo kama litafunga breki. Nitaleta majibu.

#23 Mwalimu_wa_Himo
Ndugu yangu, usifanye hivyo. Ukitoa spesa na ukanda kwa siku moja, na gari likaacha kufunga breki, hatutajua ni kipi kilichotibu. Toa ukanda kwanza, upite asubuhi na upite mchana. Spesa zifuate baadaye.

#24 Mama_Shanty
Mwalimu anataka jibu zuri la hesabu, lakini kila jaribio analoliongeza ni basi jingine nyuma ya huyu ndugu pale Kikafu. Toa vyote kwa pamoja.

#25 Wakili_Kijenge
Kwa hili namuunga mkono Mama Shanty. Na hadi hapo, kruzi izimwe kuanzia Boma Ng'ombe.